Kabla unga haujagusa chuma: namna ya kula okonomiyaki Hiroshima na Osaka

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili kutoka Tanga, nasoma Higashi-Hiroshima. Wenzangu wa maabara, pamoja na profesa wetu, wamenialika chakula cha jioni katika mkahawa wa okonomiyaki, ile chapati ya unga na kabichi inayopikwa juu ya bamba la chuma mbele ya mlaji, mjini Hiroshima, na mwezi unaofuata tutakwenda Osaka, ambako nimeambiwa kuwa wateja hujipikia wenyewe mezani. Mimi ni Mwislamu na sili nguruwe. Je, inatosha kumwambia mpishi aitoe ile nyama? Na nikishakaa mbele ya hilo bamba la moto, nifanye nini nisije nikaaibika? Kwenye video nimeona wapishi wakirusha mayai na kuwasha vitunguu moto.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na hao wapishi warusha mayai ili tuwaondoe njiani, kwa kuwa hutawakuta huko uendako. Ulichokiona kwenye video ni teppanyaki, yaani nyama, samaki na mboga zinazokaangwa juu ya bamba la chuma mbele ya mlaji. Mtindo huo huhesabiwa kuwa ulianzia katika mkahawa wa Misono mjini Kobe mwaka 1945, na michezo ya visu na volkeno za vitunguu ikakolezwa Marekani baada ya Hiroaki Aoki kufungua Benihana jijini New York mwaka 1964. Nchini Japani kwenyewe, mkahawa wa teppanyaki kwa kawaida ni mahali pa utulivu na pa gharama, ambapo mpishi hukata nyama ya ng'ombe kimyakimya kama fundi cherehani akatavyo kitambaa cha watu. Okonomiyaki hutumia bamba la namna hiyohiyo, ila ni chakula cha kila siku cha watu wa kawaida: unga wa ngano, kabichi, yai na chochote ulichopenda kuongeza, na jina lake linasema hivyo hivyo, kwani okonomi ni "upendacho" na yaki ni "cha kuchoma" au "cha kukaanga".

Sasa nguruwe, ambaye ndiye kiini cha swali lako. Kumwambia mpishi aitoe nyama hakutoshi, kwa sababu nyama ni ile sehemu tu inayoonekana kwa macho. Tazama kwanza jina. Okonomiyaki ya kawaida ya Hiroshima huandikwa kwenye menyu nikutama soba: niku ni nyama, tama ni yai, na soba hapa ni tambi za ngano. Neno nguruwe halimo, ilhali niku hiyo ni vipande vyembamba vya nyama ya tumbo la nguruwe. Ukifika Osaka mambo hugeuka, kwa kuwa watu wa huko wakisema niku peke yake humaanisha nyama ya ng'ombe, na nguruwe humtaja waziwazi kwa neno buta, hata chakula kilekile cha msingi kikaitwa butatama. Mgeni aliyekariri neno buta tu, akalitafuta kwenye menyu ya Hiroshima asilione, huagiza bila wasiwasi kitu kilekile alichokuwa akikikimbia.

Baada ya jina kuna mafuta. Wapo wapishi wanaopaka chuma mafuta ya mimea, na wapo wanaopaka mafuta ya nguruwe, ambayo kwa Kijapani huitwa raado, kwa kuwa huyaona yana ladha zaidi. Kisha kuna chuma chenyewe: bamba ni moja, refu kama kaunta nzima, na juu yake vinaiva vyakula vya watu wanane au kumi kwa wakati mmoja, huku miiko ileile ya chuma ikipita kutoka chakula cha huyu hadi cha yule. Mwisho kuna sosi. Ile sosi nyeusi nzito inayopakwa juu hutengenezwa kwa mboga, matunda, siki na viungo, lakini katika chupa za kawaida mara nyingi huwamo pia kiini cha nyama na alkoholi kidogo. Nakueleza haya kama mpishi, wala si kama sheikh. Hukumu utaitafuta kwa wanaoijua dini, lakini uwaulize ukiwa unajua kilichomo, usije ukauliza kuhusu vipande vya nyama peke yake.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kusimama nyuma ya bamba, alikuja mteja aliyeagiza pamoja na wenzake, akanyamaza, na alipoona vipande vya nyama vikiwekwa juu ya kabichi yake ndipo akainua mkono kusema kuwa hali. Mwenye mkahawa hakukasirika hata kidogo. Alikikokota chakula kizima hadi pembeni, akakwangua chuma, akaanza upya. Lakini wenzake walikuwa wamekwisha kula nusu, na foleni ilikuwa imefika barabarani, na yule mteja aliinamisha kichwa jioni nzima kana kwamba ameiba kitu. Kosa lake halikuwa kukataa nguruwe. Alichelewa tu. Katika kazi hii kila jambo linaloweza kubadilishwa hubadilishwa kabla unga haujagusa chuma, na baada ya hapo kila hatua imefunikwa na hatua nyingine juu yake.

Kwa hiyo, leo au kesho, zungumza na yule mwenzenu aliyepewa kazi ya kupanga mkusanyiko huo. Wajapani humwita kanji, na katika maabara mara nyingi ni mwanafunzi wa chini. Usimwambie butaniku nuki, kwa sababu maneno hayo yana maana ya "ondoa nguruwe", nayo yatakupatia kilekile unachokiogopa, yaani chakula kilichotolewa nyama na kuachiwa mafuta. Mwambie butaniku to raado wa taberaremasen, "nyama ya nguruwe na mafuta yake siwezi kula", kisha umweleze na suala la bamba na la sosi. Hiroshima na Osaka ipo mikahawa inayopika okonomiyaki ya halali au inayotenga bamba na miiko kwa ajili ya Waislamu, na kanji akipewa siku kadhaa atakutafutia kwa furaha, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Usiogope kwamba unawasumbua. Kinachomsumbua Mjapani ni kuambiwa akiwa amekwisha kukaa mezani mbele ya profesa. Ikiwa mkahawa umekwisha kuwekewa nafasi na haubadiliki, apige simu kuuliza kama wanaweza kukupikia chako jikoni, kwenye kikaango safi, kwa mafuta ya mimea, kikiwa na ngisi, kamba au chaza badala ya nyama. Chaza wa Hiroshima wana sifa Japani nzima, na mkoa huo ndio unaotoa chaza wengi kuliko mikoa yote, kwa hiyo ukienda majira ya baridi, utakuwa umechagua kitu ambacho wenyeji wenyewe wanakitamani.

Kuhusu sosi, jina utakaloliona karibu kila kaunta mjini humo ni Otafuku, kampuni ya Hiroshima iliyoanza kuuza sosi mahususi ya okonomiyaki mwaka 1952. Kabla ya hapo watu walipaka sosi ya Worcester, ambayo kwa wepesi wake ilitiririka pembeni na kuungulia kwenye chuma. Wenye vibanda wakalalamika, ndipo ikatengenezwa nzito. Jambo ambalo Waswahili wengi hawalidhanii ni kwamba utamu wa sosi hiyo unatokana kwa sehemu na tende, tunda lilelile la futari yetu. Kampuni hiyo hutengeneza pia sosi yenye cheti cha halali, na ukiipata chupa yake unaweza kwenda nayo. Ila umjulishe mwenye mkahawa kwanza, kwa maana kutoa chupa mkobani bila kusema ni kama kwenda kwa mtu na chumvi yako.

Tuseme basi yote hayo yamekwisha pangwa, umenawa mikono kwa kitambaa chenye majimaji walichokuletea, na umeketi mbele ya bamba. Kaa kwenye kaunta ukipata nafasi, usikimbilie meza za nyuma, kwa sababu okonomiyaki ya Hiroshima haichanganywi bali hupangwa tabaka juu ya tabaka, na anayekula bila kuona ilivyopangwa amekosa nusu ya chakula. Mpishi huchota rojo jepesi la unga kwa upawa, akalimwaga juu ya chuma, na kwa mgongo wa upawa huohuo akalizungusha hadi likawa duara jembamba kama chapati ya maji. Hunyunyiza unga wa samaki mkavu. Kisha huweka kabichi iliyokatwa nyembamba, na hapo mgeni hushtuka, kwa kuwa ni mlima wa kabichi unaokaribia kumficha mpishi. Juu yake huja machipukizi ya maharage, vipunje vya unga uliokaangwa viitwavyo tenkasu, na nyama, au kwako ngisi au kamba, halafu tone la rojo la kushikamanisha. Hushika miiko miwili ya chuma, akaiingiza chini ya mlima kutoka pande mbili, na kwa mkupuo mmoja wa viwiko akaupindua wote.

Kutoka hapo hafanyi kitu kwa dakika kadhaa, na hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kwa mwanafunzi wa kazi hii. Ile chapati sasa ipo juu kama kifuniko, kabichi ipo chini yake ikiiva kwa mvuke wake yenyewe, ikishuka taratibu na kutoa utamu. Pembeni mpishi hukaanga tambi hadi kingo zake zikauke, akauhamishia mlima juu ya tambi, akapasua yai juu ya chuma na kulitandaza, akauhamishia mlima mara ya pili juu ya yai, kisha akapindua ili yai liwe juu. Mwisho ni sosi kwa burashi, na mwani wa kijani uliosagwa. Kwa dakika kumi na tano hadi ishirini umeona unga, kabichi, tambi na yai vikiwa kitu kimoja bila kuchanganywa hata mara moja. Usimharakishe mpishi na usimwongeleshe anapopindua. Mpige picha, hakatai, ila usisimame.

Kabichi hiyo nyingi ina historia yake. Kabla ya vita, watoto wa sehemu nyingi za Japani walikuwa wakinunua kitafunio kiitwacho issen yoshoku, "chakula cha kizungu cha sen moja", nacho kilikuwa chapati nyembamba yenye majani ya kitunguu na sosi. Uzungu wake wote ulikuwa kwenye hiyo sosi. Bomu la atomiki lilipouangamiza mji wa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, njaa iliyofuata ililazimisha kitafunio cha watoto kiwe mlo wa watu wazima. Unga ulitoka katika misaada ya Marekani, na kabichi iliongezwa kwa kuwa ilikuwa rahisi na ilijaza tumbo. Tambi na yai vilikuja hali ilipoanza kuwa nafuu. Vibanda vya wakati huo katika eneo la Shintenchi ndivyo vilivyozaa Okonomimura, "kijiji cha okonomi", jengo la katikati ya mji lenye vibanda zaidi ya ishirini vilivyopangana kuanzia ghorofa ya pili hadi ya nne. Ukiona mikahawa mingi ya huko jina lake linaishia na chan, ambacho ni kiambishi cha kumwita mtu kwa mapenzi, husimuliwa kwamba wengi waliofungua biashara hiyo katika vyumba vya mbele vya nyumba zao walikuwa wanawake walioachwa wajane na vita, nao wakaipa biashara jina waliloitwa na majirani.

Chakula kikiwa tayari, mpishi hakipakui. Hukisukuma juu ya bamba hadi mbele yako, nawe utakula hapohapo, kikiendelea kuungua kidogo chini. Utapewa mwiko mdogo bapa wa chuma ambao Hiroshima huitwa hera. Kata kwa ncha yake kutoka ukingoni, kipande cha tonge moja tu, ukisukuma wima hadi usikie chuma kimegusa chuma. Teleza chini ya kipande, inua, pulizia, kula. Usikate chakula chote vipande vipande kwa mara moja, kwa sababu kila unapokata mvuke hutoka na tambi hukauka. Nakuonya jambo moja ambalo midomo yangu inalikumbuka: hera ukiilaza juu ya bamba huku unazungumza, baada ya muda mfupi huwa moto sawasawa na bamba. Iweke kwenye kisahani kila unapopumzika. Na kama hera inakutia hofu, omba sahani na vijiti, watakupa bila kukutazama vibaya, ingawa mzee mmoja pembeni anaweza kutabasamu.

Vinywaji huagizwa kwanza, kwa wote pamoja, na hakuna anayekunywa hadi bilauri zote zifike na neno kampai litamkwe. Agiza chai ya oolong na uinue bilauri yako kama wengine. Hakuna atakayeuliza mna nini ndani yake.

Osaka ni habari nyingine, na hapa ndipo utakapojipikia. Wataleta bakuli la chuma lenye rojo, kabichi iliyokatwa ndogondogo, yai bichi juu, na kitoweo ulichochagua. Kwako ikatama ni ya ngisi na ebitama ni ya kamba. Rojo la Osaka huwa limetiwa nagaimo iliyoparuzwa, ambayo ni ndugu wa kiazi kikuu chetu, na utelezi wake ndio unaokifanya chakula kiwe laini na chenye hewa. Changanya kwa kijiko kutoka chini kwenda juu, haraka, mara kumi au kumi na tano tu, hadi yai lishikane na kabichi. Ukikoroga kama unayesonga ugali, utaiua hewa yote. Paka mafuta, mimina, ukitandaze kiwe duara lenye unene wa vidole viwili, kisha uache mikono mapajani. Dakika tano hivi zikipita na kingo zikianza kukauka, ingiza miiko miwili, ambayo huku huiita kote, na upindue bila kusita, maana kusita ndiko kunakokivunja.

Kinachofuata ndicho kosa la kila mgeni, nami nililifanya mbele ya bibi mmoja wa Osaka aliyeniketi jirani, akanipiga kofi dogo la mkono kana kwamba mimi ni mjukuu wake: usikikandamize. Tumezoea kukandamiza chapati kwa mwiko au kitambaa ili ivimbe na kupata madoa, na mkono hufanya wenyewe. Okonomiyaki ya Osaka ikikandamizwa hutoa mvuke wote, na unachobaki nacho ni kitumbua kilicholaliwa. Ikishaiva pande zote, paka sosi, chora mayonesi, nyunyiza mwani, na mwisho vile vipande vyembamba vya samaki mkavu wa jamii ya jodari, ambavyo hutikisika juu ya moto kana kwamba vina uhai. Hukatwa miraba, si pembetatu kama pizza, na kila mtu huhamishia mraba wake kwenye kisahani. Usishangae mwenyeji akiagiza na wali pembeni. Watu wa Tokyo huwacheka kwa kula wanga kwa wanga, lakini sisi tunaokula wali kwa chapati hatuna la kusema.

Tatizo la bamba liko hukohuko, tena Osaka ni kubwa zaidi, kwa kuwa mnapika watu wanne juu ya chuma kimoja na wenzako wataagiza butatama bila kufikiri. Katika mikahawa ya kujipikia kila meza huwa na bamba lake, kwa hiyo omba meza yako pamoja na mwenzako mmoja au wawili waliokubali kula vya baharini jioni hiyo, na umwombe mhudumu alikwangue na kulisafisha bamba mbele yenu kabla hamjaanza. Kama ni lazima wote mkae meza moja, ni afadhali kwako mkahawa ule wenye bamba la halali, hata ukiwa mbali na hoteli.

Malipo hufanyika kwenye kaunta karibu na mlango mnapotoka. Pesa huwekwa kwenye kisinia kidogo, wala hakuna bakshishi, na ukiacha sarafu juu ya meza mhudumu atakukimbilia nazo hadi barabarani. Chakula kimoja hugharimu yeni elfu moja na kitu, zaidi ukiongeza chaza. Foleni ikiwepo nje, msikae kuzungumza baada ya kumaliza. Mazungumzo yahamieni kwenye mkahawa wa kahawa.

Na kuhusu mavazi, kwa kuwa hukuuliza lakini utaniuliza kesho yake: moshi wa sosi hung'ang'ania kitambaa, kwa hiyo ukipewa mfuko wa plastiki au sanduku chini ya kiti, tia koti na mkoba humo. Mtandio ufunge kwa nyuma na ncha zake uzichomeke, na mikono mipana ya gauni uikunje hadi kwenye kiwiko, kwa sababu mara tatu au nne jioni hiyo utainama mbele juu ya chuma chenye joto la zaidi ya nyuzi 200 bila kukumbuka kwamba ni meza yako pia.